Metroni na Wakwe Zake

Ukitaka kujua jinsi hospitali inavyoweza kukaa miaka mingi bila muuguzi wa pili katika chumba cha kuzalishia, huku wakubwa wote wakiapa kwamba hawajawahi kuombwa na wauguzi wote wakiapa kwamba wameomba mpaka koo zikawakauka, kaa nikusimulie habari za Metroni wetu. Pande zote mbili zilikuwa zinasema kweli. Mimi nilikuwa katikati, nikisikia huku na huku, na mpaka leo sijaamua kama nicheke au nikasirike. Siku nyingi nafanya yote mawili kabla ya saa nne.

Hospitali yenyewe iko Kitale. Sitaitaja, kwa sababu bado ninalipwa huko na nina watoto wa kusomesha. Metroni naye, mkuu wa wauguzi, sitamtaja jina, na hilo wala halinipi shida, maana miaka yote niliyofanya kazi chini yake sikumsikia mtu akimwita vinginevyo. Hata mumewe alipokuja kumchukua Ijumaa alisimama mlangoni akauliza, "Metroni yuko?" Ni wa ukoo gani na babu yake alikuwa nani, hayo waulize watu wa kwao upande wa Kimilili. Watakueleza mpaka uombe ruhusa ya kuondoka.

Alikuwa mwanamke mpana, mwenye mwendo wa mtu aliyetumwa. Kiunoni alivaa mkanda mwekundu wenye kifungo cha chuma alichokisugua mpaka kikang'aa, na viatu vyake tulivisikia tangu kule dirisha la dawa. Tukivisikia, kila mtu alitafuta kitu cha kushika. Kwetu sisi alikuwa moto. Alifunua shuka kuangalia pembe za godoro. Alinusa mikono yetu. Aliwahi kunirudisha sinki mara tatu mfululizo kwa sababu niliosha mikono mpaka kwenye kifundo tu. "Kijidudu hakijui pale umechoka," aliniambia. "Osha mpaka kiwiko, mwanangu. Pole pole. Maji hayakimbii."

Lakini akitokea Medsup, yaani daktari mkuu wa hospitali, kijana mwenye tai nyembamba aliyeletwa kutoka Nairobi, Metroni alibadilika palepale. Magoti yalikunjika kidogo. Macho yalishuka sakafuni. Sauti iliyokuwa ikivunja vioo ikawa ya mtu anayemlaza mtoto. Nilipofika hospitalini nilidhani ni uoga, nikamdharau kimoyomoyo. Baadaye nikagundua kwamba haukuwa uoga hata kidogo. Ilikuwa heshima ya ukwe.

Hapa inabidi nieleze, hasa kwa wasomaji wasiotoka pande zetu. Siku za Jumamosi Metroni hakuwa metroni. Alikuwa msemaji katika mazungumzo ya mahari, na sifa zake zilijaa Bungoma nzima. Walimfuata kutoka Chwele, kutoka Webuye, hata kutoka ng'ambo ya mto. Kwa watu wa kwao, mkwe haambiwi hapana usoni. Haambiwi chakula kimeisha, haonyeshwi uso wa kununa. Mama mkwe na mume wa binti yake hawakai benchi moja. Wakiwa na neno la kuambiana, anatafutwa mtu wa tatu alibebe. Msemaji mzuri ni yule anayelichukua neno likiwa na miiba na kulifikisha likiwa laini, na aliyelipokea akaelewa miiba ilikuwa wapi.

Mimi mwenyewe ni shahidi, maana mke wangu nilimpata hivyo. Baba yangu ni mkulima wa mahindi kule Kwanza. Watu wetu walihamia Trans-Nzoia kutoka mkoa wa kati, na mzee ni mtu wa kusema jambo likiwa bichi. Tulipokwenda Kimilili kuposa, tulikalishwa sebuleni muda mrefu bila hata maji. Mzee akamgeukia Metroni, aliyekuwa msemaji wetu, akanguruma kwa kilugha chetu, "Waulize kama wanatupa msichana ama wanatuuzia hivi viti, maana tumevikalia sana."

Metroni akasimama, akakunja magoti, akawaambia wazee wa upande wa pili, "Baba anasema nyumba yenu imempendeza sana. Ati hata hasikii haraka ya kutoka kwa hii kiti."

Makofi yakapigwa. Mjomba wa mke wangu, ambaye naye hakuwa mtu wa kuogopa, akajibu kwa kilugha chao, "Huyu mzee mbona anaangalia saa kama mtu ameacha gari kwa barabara?"

"Wanasema wanaona wewe ni mtu wa kazi," Metroni akamwambia baba. "Mtu wa maana hapotezi wakati."

Mzee akakaa wima, akarekebisha koti. Chakula kililetwa papo hapo, kwa sababu wale wazee wa Kimilili walikuwa wamesikia vizuri kabisa kilichokuwa ndani ya maneno ya kiti. Mpaka leo baba yangu na yule mjomba kila mmoja anamsifu mwenzake kuwa ndiye mtu mwenye adabu kuliko wote aliowahi kukutana nao. Kwa hivyo mkinisikia nikimcheka Metroni, jueni ninamcheka nikiwa nimeshiba mezani pake.

Kosa lake lilikuwa moja. Kipaji hicho cha Jumamosi alikileta kazini Jumatatu. Alituona sisi wauguzi kama ukoo wa msichana na usimamizi kama ukoo wa mvulana, naye akiwa katikati, akihakikisha ndoa haivunjiki.

Kila Jumatatu asubuhi tulikusanyika katika chumba cha kubadilishia nguo, tukamwaga yaliyo moyoni. Aliyemwaga zaidi ni Nafula, mkunga wetu, mwembamba wa mwili, mkaaji wa Matisi, mwenye ulimi ambao ungefaa kuuzwa na pilipili. Leba, hivyo ndivyo tunavyokiita chumba cha kuzalishia, ilikuwa na muuguzi mmoja kwa kila zamu. Mmoja. Muuguzi kwetu huitwa nasi, na Nafula hakuwa na ajenda nyingine duniani ila nasi wa pili.

"Metroni, mimi niko peke yangu huko ndani," alisema. "Mama wawili wakikuja pamoja, mmoja nitamshika, na ule mwingine atashikwa na nani? Na ukuta? Waambie hao watu walete nasi wa pili, ama wavue hizo tai wakuje wazalishe!"

"Nimesikia, mama," Metroni alijibu. "Nitapeleka neno."

Utaratibu ulitaka mkuu wa wadi mmoja aandamane naye kwenye mkutano wa usimamizi, kusikiliza tu, na kwa kuwa nilikuwa mkuu wa wadi ya wanaume, zamu yangu ilifika mara kwa mara. Chumba cha mkutano kiko ghorofani. Kina meza ndefu, samosa zilizofunikwa kwa karatasi, na ukutani maandishi makubwa kuhusu ndoto ya hospitali, ambayo yalisahihishwa kila alipokuja mkubwa mpya. Katika mkutano wa kwanza niliohudhuria walijadili rangi ya mapazia ya mapokezi mpaka samosa zikapoa. Kisha Medsup akauliza wauguzi wanasemaje.

Metroni akasimama. Magoti yakakunjika.

"Daktari, wauguzi wa leba wanawasalimu sana. Wanasema kazi imebarikiwa, akina mama wanakuja kwa wingi, na mikono yao inafurahi. Ati hata mikono ingeongezeka, na furaha ingeongezeka."

"Safi sana," akasema Medsup. "Hiyo ndiyo roho tunataka." Afisa wa utawala, mtu mnene aliyependa kuchezea kalamu yake, akaongeza kwamba kama wauguzi wangepunguza chai na simu, mikono waliyonayo ingetosha na kubaki.

Tulipotoka nje Metroni alikuwa akijifuta jasho kama mtu aliyeshusha gunia. "Umesikia? Nimewapa yote."

"Metroni, si hukusema tunataka nasi wa pili."

"Nimesema mikono. Mtu mzima akiambiwa mikono anaelewa."

Na kweli, Kimilili wangeelewa. Wazee wale wangeelewa kabla hajamaliza kulitamka neno mikono, wangenong'onezana, na kabla ya jua kutua muuguzi wa pili angekuwa amepatikana. Medsup wetu alikuwa mtu wa kuambiwa jambo kwa kulitaja. Aliposikia furaha, aliandika furaha.

Majibu ya kurudi nayo yalifanyiwa kazi hiyohiyo. Chumba cha kubadilishia nguo kilipojaa, Metroni alitangaza, "Usimamizi umeona vile mnachoka. Wanasema mpunguze kidogo muda wa chai, ndiyo mmalize kazi mapema mpumzike."

"Nipumzike mapema, na leba nimwachie nani?" Nafula akauliza.

"Hilo pia wanalifikiria, mama."

Basi tukaendelea hivyo. Ghorofani waliamini kwamba wana wauguzi wenye furaha kuliko wote upande huu wa nchi. Chini tuliamini kwamba wakubwa wanatufikiria usiku na mchana, ila mambo ni mazito. Hakuna hospitali iliyokuwa na amani kama yetu, na hakuna iliyokuwa na upungufu kama wetu.

Kulikuwa na mwaka ambao usimamizi uligundua kwamba shida ya hospitali ni nyuso zetu. Wagonjwa, ambao siku hizo tuliamriwa kuwaita wateja, walikuwa wamelalamika kwamba wauguzi hawatabasamu. Akaletwa mama mmoja mwenye viatu virefu kutufundisha. Alituweka mstari, akatuonyesha meno yanavyotakiwa kuonekana, akatubandika vifuani beji yenye mdomo uliochorwa ukicheka. Nafula akanyoosha mkono. "Nikiwa nimeshika mtoto na huu mkono, na dripu na huu mwingine, sasa mteja nitamtabasamia nikiwa naangalia wapi?"

Yule mama hakusikia vizuri, akamgeukia Metroni. Metroni akainama. "Anasema amefurahi mpaka mikono yote imejaa."

Lakini lililonishinda kabisa ni la mgomo. Tuligoma kama wauguzi wengine wanavyogoma. Tulivunja matawi, tukapuliza filimbi, tukaimba getini nyimbo ambazo siwezi kuziandika hapa, zikiwataja wakubwa mmoja mmoja na sehemu zao za mwili. Ghorofani walifunga madirisha kwa sababu ya vumbi. Medsup akamwita Metroni na kumuuliza kuna nini huko chini. Metroni mwenyewe ndiye aliyetusimulia baadaye, bila aibu, kama mtu aliyeokoa nyumba isiungue.

"Nikamwambia, Daktari, wauguzi wanaimba."

"Wanaimba nini, Metroni?"

"Nyimbo zenu."

Baada ya muda mfupi tukaona makreti ya soda yakiteremshwa ngazi, na salamu za usimamizi juu yake. Jua lilikuwa kali. Tulijaribu kukataa, nakumbuka vizuri, tulijaribu. Lakini ni vigumu kumtukana mtu ukiwa umeshika soda yake baridi. Mchana tulikuwa tumerudi wadini, na mpaka leo nikionja soda ya machungwa nasikia uchungu wa kushindwa.

Nisije nikamchora kama mtu wa kudanganya tu. Kama angekuwa hivyo, hii kazi ya kumkumbuka ingekuwa nyepesi. Metroni alituficha chini ya koti lake. Afisa wa utawala alimkuta mwenzetu amelalia meza, mate yakimtoka, baada ya zamu mbili mfululizo. Metroni akafika mbio na kumzuia mlangoni: "Mwache kidogo, anaombea wagonjwa." Sabuni ilipokosekana, alileta mche kutoka kwake nyumbani akaukata vipande, kila sinki kipande chake. Nilipofiwa na mama, alikuja Kwanza, akakaa jikoni na shangazi zangu akichambua mboga, na hakuondoka mpaka watu wa mwisho walipoondoka.

Na leba, sasa. Leba ndiko alikojificha Metroni wa kweli. Siku Nafula alipoelemewa, Metroni aliingia bila kuitwa, akafungua ule mkanda mwekundu, akautundika kwenye msumari uliokuwa karibu na mlango, akaosha mikono mpaka viwiko, akaingia kuzalisha. Tukipita ukumbini na kuuona mkanda kwenye msumari, tulijua leba leo ina watu wawili. Nafula mwenyewe alikiri hajaona mikono kama ile. Ila hebu fikiria: aliyetakiwa kulia kwamba pengo lipo ndiye aliyekuwa akiliziba kwa mwili wake, bure, na wa ghorofani hawakulihisi hata siku moja.

Walilihisi siku ambayo Metroni hakuwepo. Alikuwa amechukua ruhusa kwenda Bungoma kusemea harusi ya mtoto wa mchungaji. Wakafika akina mama wawili karibu pamoja. Mmoja alianza kuvuja damu, Nafula akamshikilia, na hakuweza kumwachilia. Yule wa pili alijifungulia ukumbini, kwenye benchi, mbele ya watu waliokuja kuona wagonjwa wao. Mimi nilisikia kelele nikatoka wadi ya wanaume mbio, nikafika mtoto akiwa tayari ameanguka kwenye kanga ya mama mmoja asiyemjua. Alilia. Tunamshukuru Mungu, alilia, na leo yuko shule. Lakini kuna mtu alikuwa ameshapiga picha, na picha ikazunguka kwenye simu mpaka ikafika ghorofani.

Hapo ndipo usimamizi uliposhtuka. Nafula akaitwa mbele ya ile meza ndefu, nami nikiwa katika zamu ya kuandamana na Metroni, na safari hiyo hakukuwa na samosa. Medsup aliuliza swali lake kwa mshangao wa kweli, na ninaamini alishangaa kweli.

"Kwa nini hakuna mtu aliwahi kutuambia leba iko na nasi mmoja?"

Wote tukamgeukia Metroni.

"Metroni, waambie," Nafula akasema. "Nimekuambia kila Jumatatu. Si uwaambie!"

Metroni akasimama. Niliyaangalia magoti yake, na ndani yangu niliyaomba, kama unavyoomba penalti ikipigwa, yasikunjike. Yakakunjika.

"Daktari, Nafula ni mtoto wetu," akasema. "Amekosa vile mtoto hukosa. Tunaomba mumwangalie na jicho la mzazi."

Aliomba vizuri sana. Sijawahi kusikia mtu akiombewa msamaha kwa maneno matamu kama yale, na kwa kosa ambalo hakulifanya. Wakubwa wakalainika. Nafula hakufukuzwa. Alihamishwa tu, kwenye zahanati ndogo kule juu karibu na mlima, na leba ikaletewa muuguzi mwingine, mmoja. Metroni alitoka pale akihesabu kwamba ameshinda: mtoto hajafukuzwa, ndoa haijavunjika. Mimi sikumwongelesha kwa muda. Nilikuwa na hasira naye, hasira ya mtu anayempenda, na hiyo ndiyo mbaya.

Nafula alifunga mizigo bila kumuaga. Baada ya miaka kadhaa alirudishwa leba, kwa kuwa wakunga wenye uzoefu walikuwa wamekwenda ng'ambo, lakini jina Metroni halikutoka tena kinywani mwake. Akimhitaji, alisema, "Samahani." Akimtaja, alisema, "huyo wenu."

Sherehe ya kumstaafisha Metroni ilikuwa ya kufana. Hema lilipigwa uwanjani, mapambo yakafungwa, akapewa toroli na godoro. Medsup alishika kipaza sauti akasema jambo alilodhani ni sifa kubwa kuliko zote: "Kwa miaka yote ya Metroni, hii ofisi haijawahi kupokea lalamiko hata moja kutoka kwa wauguzi." Watu wakapiga makofi. Metroni naye akapiga makofi, uso ukiwaka. Nyuma kabisa ya hema mtu mmoja akacheka kwa sauti, mara moja tu, na sikuhitaji kugeuka kujua ni nani. Kiti chake alipewa mtu anayejua kompyuta.

Nilimwona tena mwaka jana. Nilikuwa natoka kuchukua dawa, nikamkuta ameketi kwenye benchi nje ya leba, amevaa sweta na kilemba, mkoba mapajani. Ilinichukua muda kumtambua bila mkanda. Alinisalimia akaniuliza kama baba bado anaangalia saa. Binti yake wa mwisho, aliyeolewa hapa Matisi, alikuwa ndani akijifungua mtoto wa kwanza.

"Na mkwe wako yuko wapi?"

Akaonyesha kwa kidevu. Getini, mgongo ukutani, alisimama kijana mwenye koti la jinzi, akiangalia kila mahali isipokuwa benchi letu. Asingeweza kusogea zaidi, mama mkwe akiwa pale.

"Ametoka asubuhi bila kula," Metroni akaninong'oneza. "Enda umwambie akunywe chai. Lakini asijue ni mimi nimesema."

Nikaenda. "Unaambiwa ukunywe chai," nikamwambia.

"Mwambie mwenye amesema, asante sana," akajibu, akiangalia mbingu. "Sijui ni nani."

Nilirudi nikicheka. Wakati huohuo Nafula akatoa kichwa mlangoni, glavu zikiwa na damu. Alimwona Metroni. Akamwambia kama angemwambia ndugu yeyote wa mgonjwa, bila salamu, "Huyo wenu bado kidogo. Niko na mwingine hapa, amefika mwisho. Nikimaliza nitamwona." Mlango ukafungwa. Metroni aliutazama ule msumari wa zamani karibu na mlango. Ulikuwa umepakwa rangi pamoja na ukuta.

Mara tukasikia viatu. Medsup, yuleyule, sasa na kitambi kidogo, alikuwa akielekea ghorofani na afisa wake wa utawala.

"Metroni! Aki umepotea! Unaonaje hospitali yetu? Si tumepaka rangi?"

Metroni akainuka. Magoti yakaanza safari yao ya kawaida. "Daktari, tunashukuru. Rangi inapendeza. Tumepokewa vizuri, na tunaona kazi imebari..."

"Mama!" Ilikuwa sauti ya binti yake, kutoka ndani. Na juu yake sauti ya Nafula, kutoka kona nyingine ya chumba: "Usisukume! Wewe, usisukume bado, siwezi kukuja!"

Magoti yakanyooka. Sijawahi kuona kitu kilichonyooka vile.

"Daktali," akasema.

Nikajua. Metroni alisema Kiswahili safi siku zote. R na l zake zilibadilishana viti akikasirika tu, na mbele ya mkubwa hazikuwahi.

"Nasi ni mmoja. Huko ndani kuna akina mama wawili na nasi mmoja. Leta mwingine. Leo."

Medsup akatabasamu, akamgeukia afisa wake. "Metroni hajaacha utani."

"Si utani. Nafula aliniomba niwaambie, kila Jumatatu. Sikuwaambia. Nilikuwa naongea na nyinyi kama wakwe." Akanyoosha mkono kuelekea getini, kwa yule kijana, ambaye alijificha uso kwa mikono yote miwili. "Mkwe wangu ni yule. Wewe nilikosea tu."

Medsup alitazama getini, akatutazama, halafu akacheka kicheko kirefu cha mtu aliyefurahishwa. Akampigapiga bega. "Tutaliangalia, Metroni. Tutaliangalia." Simu yake ikalia, wakapanda ngazi. Sidhani alikuwa na ubaya. Masikio yake yalikuwa yamelishwa sukari miaka mingi, na aliyeyalisha ni huyu huyu aliyebaki amesimama mbele yangu, mdomo wazi.

Kisha akautundika mkoba wake kwenye msumari. Akavuta mikono ya sweta, akaenda kwenye sinki ya ukumbini, akaanza kuosha mikono. Mpaka viwiko. Pole pole.

"Metroni, wewe umestaafu," nikamwambia. "Huruhusiwi. Wataniuliza mimi."

"Basi peleka neno," akasema, maji yakimtiririka. "Waambie mimi ndiye nimeingia. Na usiweke sukari."

Akausukuma mlango kwa bega. Ulibaki wazi kidogo, nikamwona Nafula akiinua kichwa. Walitazamana. Nilimwona Metroni akigeuka kuelekea kitanda cha binti yake, akasita, maana kwao mama hamzalishi binti yake, akabaki katikati ya chumba na mikono yake imeinuliwa.

"Glavu ziko kwa dirisha, Metroni," Nafula akasema. "Wewe shika huyu wangu. Mimi naenda kwa wako."

Nikaipanda ile ngazi ya ghorofani. Nina watoto wa kusomesha, nilishasema. Nikafungua mlango bila kubisha. Walikuwa wanafunua samosa. Medsup akaniuliza, kwa upole wake wote, wauguzi wanasemaje.

"Wauguzi wa leba hawawasalimu," nikasema. "Wanataka muuguzi wa pili."